Kitumbua cha Nani? Mchele, Nazi na Chuma cha Mashimo Saba

Waliosikiliza kipindi chetu cha mwisho wanakumbuka niliahidi kuandika ile habari ya vitumbua, na tangu siku hiyo nimepata ujumbe mwingi kuliko hata tulipozungumzia ndoa. Sasa ndiyo hii. Itakuwa ndefu kidogo, kwa hiyo chukueni chai kabisa.

Ilianza ofisini, Kista. Ukifanya kazi za kompyuta hapa Stockholm unaijua Kista: wako Waswidi, wako Wahindi wengi kutoka Bengaluru, Chennai na Hyderabad, halafu niko mimi. Ijumaa ile ilikuwa zamu yangu kuleta kitu cha fika. (Neno hili halijaacha kunichekesha tangu utotoni. Waswidi wanakuuliza kama utafika, na wewe umeshafika tangu saa mbili asubuhi.) Basi nikaamka alfajiri, nikachoma vitumbua arobaini, nikavipanga kwenye sahani, nikaviweka karibu na mashine ya kahawa.

Mwenzangu mmoja, dada wa Kerala, alikichukua kimoja, akakiangalia pande zote, akauma, akafumba macho. Halafu akasema kwa sauti ya mtu aliyekutana na jirani wa nyumbani: "Unniyappam!"

Angesema "vinafanana na" nisingejali. Lakini alisema kama vile anakitambua kwa jina na mimi ndiye niliyekuwa nimekosea jina lake. Nikamjibu, na nakiri sauti yangu ilikuwa kali kuliko ilivyopaswa: "Hivi ni vitumbua. Ni vya kwetu, Tanga." Akacheka tu, akasema kwao hupelekwa hekaluni kama sadaka kwa Ganapati, na akachukua cha pili.

Kwa nini niliumia hivyo kwa sababu ya andazi? Niwaambie. Nilipokuwa na miaka tisa, shuleni, mwalimu mmoja aliwaeleza wenzangu kwamba Kiswahili si lugha hasa, ni Kiarabu kilichochanganywa na vitu vya hapa na pale. Hakuwa na ubaya, alidhani ananisaidia kujitambulisha. Nikarudi nyumbani, mama yuko jikoni anageuza vitumbua, nikamuuliza kama ni kweli. Akasema, "Mwambie mwalimu wako aje ale." Basi, hakuna zaidi. Lakini lile neno la mwalimu lilibaki tumboni, na kila mtu anaponiambia kwamba kitu fulani chetu "kwa asili" ni cha watu wengine, linaamka. Najua wengi wenu mnalo la kwenu.

Jioni ile nikampigia bibi Tanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Baridi imekwisha huko?"

"Bado. Bibi, hivi vitumbua asili yake ni wapi?"

Akanyamaza kidogo. "Vinatoka kwenye chuma."

Kwa hiyo ikabidi nitafute mwenyewe.

Nianze na mchele, kwa sababu bila mchele hakuna hadithi. Kwanza angalieni lugha. Mswidi ana *ris*, neno moja kwa kila kitu. Sisi tuna mpunga ukiwa shambani, mchele ukishakobolewa, na wali ukishapikwa. Watu hawajisumbui kukipa kitu majina matatu kama wamekutana nacho juzi. Lakini mpunga huu wetu wa pwani, wengi wake, ni wa jamii iliyofugwa Asia. Ulivuka bahari. Swali ni lini, na ulifika ukafanywa nini.

Kuna kitabu kidogo cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki karne ya kwanza, kinaitwa Periplus. Kinataja vyombo kutoka magharibi ya India vikileta mchele, samli, mafuta ya ufuta na nguo za pamba hadi pembe ya Afrika. Yaani karibu miaka 2000 iliyopita mchele tayari ulikuwa shehena. Lakini kula mchele wa dukani si sawa na kuulima, kama mnavyojua nyie mnaonunua mfuko wa kilo kumi.

Kulima ndiko kunakonivutia mimi, na ushahidi mzuri uko Pemba. Kaskazini mwa kisiwa kuna magofu mawili yanayokaribiana, Tumbe na Chwaka. Tumbe ni wa zamani zaidi, karne ya 7 hadi ya 10. Chwaka ulifuata, kuanzia karne ya 11. Mtaalamu Sarah Walshaw alichambua mbegu zilizoungua katika majiko na majalala ya miji hiyo. Tumbe walikula zaidi uwele. Mchele ulikuwepo, ila kidogo. Chwaka mambo yamegeuka: mchele ndio unaotawala. Katika karne chache watu wa Pemba walikuwa wameacha nafaka ya mababu na kuufanya mchele kuwa chakula chao. Hakuna aliyewalazimisha, angalau hakuna alama ya jambo hilo. Kulima mpunga ni kazi ngumu kuliko uwele, unataka maji, unataka kulinda ndege. Waliutaka tu. Nadhani waliutaka kwa sababu ile ile inayotufanya sisi tupike wali wageni wakija, hata kama wiki nzima tumekula makaroni.

Na haukuja kwa njia moja. Mwaka 2016 kundi la watafiti wakiongozwa na Alison Crowther lilitoa matokeo ya mabaki ya mimea kutoka maeneo mengi ya pwani na visiwa. Ngazija na visiwa wenzake, pamoja na Madagaska, walikuwa wakila mchele na choroko tangu karne ya 8 au karibu na hapo, na hilo linaelekea kwa wale mabaharia wa Indonesia ambao lugha yao ndiyo mama wa Kimalagasi. Nazi nayo ina hadithi ya namna hiyo. Uchunguzi wa vinasaba wa 2011 ulionyesha kwamba minazi ya dunia ina koo kuu mbili, ya bahari ya Hindi na ya Pasifiki, na upande wetu wa bahari kuna mahali koo hizo zimechanganyika. Kwa hiyo tui ninalolimimina kwenye mchele uliosagwa hapa Stockholm, hata kabla sijaweka iliki, tayari limekwisha safiri.

Sasa Ibn Battuta. Najua tumemtaja mara nyingi, mnamchoka, lakini vumilieni. Mwaka 1331 alifika Mogadishu, akapewa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa kwenye sinia kubwa la mbao, na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga juu yake. Pembeni kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari, tangawizi mbichi, maembe. Nilipomsomea mama orodha hiyo kwenye simu alisema, "Hiyo si ndiyo ya Idi?" Akaendelea kusini, akapita Mombasa ambako watu walikula zaidi ndizi na samaki na nafaka ililetwa kutoka pwani ya jirani, hadi Kilwa.

Miaka kama kumi baadaye mtu huyu huyu yuko Malabar, pwani ile ambayo leo ni Kerala. Kule aliuchoka wali kabisa. Anasimulia kwamba kati ya Malabar, Maldivi na Sarandibu alikaa miaka mitatu bila kula kingine ila wali, mpaka akawa anausukuma kwa maji. (Watoto mliolelewa na bibi, mnamwelewa.)

Lakini kuna sehemu moja ya safari hiyo ambayo nilipoisoma nilisimama. Katika mji uitwao Hili, karibu na mlima wa Ezhimala kaskazini mwa Kerala, palikuwa na msikiti mkubwa wenye wanafunzi waliolipwa posho, na jiko. Jiko lenyewe lililisha wasafiri na maskini. Na ndani ya msikiti huo Ibn Battuta alikutana na fakihi mmoja mcha Mungu aliyeitwa Said. Said alikuwa mtu wa Mogadishu. Alikuwa amesoma Makka na Madina miaka mingi, ametembea India na hadi China, na sasa yuko pale Hili.

Fikirini kidogo. Karne ya 14, mtu wa pwani yetu anaishi Malabar, mahali penye mchele, nazi na iliki, na jiko linalowaka kila siku. Siwaambii kwamba Said ndiye aliyeleta kitumbua. Nawaambia tu kwamba njia ilikuwa ya kawaida kiasi kwamba msafiri anamtaja kwa sababu ya ucha Mungu wake, wala hashangai kwamba katoka Afrika. Kaskazi ilileta majahazi kutoka India, kusi ikayarudisha. Vasco da Gama alipotoka Malindi Aprili 1498 na rubani aliyempata pale, alifika karibu na Calicut tarehe 20 Mei, hata mwezi haukutimia. Shuleni tulifundishwa kwamba aligundua njia. Alielekezwa njia, kama mtu anayepewa lifti.

Turudi mezani. Unniyappam ni nini hasa? Mchele, sukari guru, ndizi mbivu, iliki, vipande vya nazi vilivyokaangwa, unachomwa kwa samli au mafuta ya nazi kwenye chuma chenye mashimo ya mviringo kinachoitwa appakara. *Unni* ni kidogo, ikifanya kazi kama ki- yetu katika kitoto, na *appam* ni mkate wa mchele. Katika hekalu la Ganapati la Kottarakkara ndiyo sadaka yao mashuhuri. Jirani zao Watamil wana kuzhi paniyaram, yaani paniyaram ya mashimo. Huo ni mchele na dengu nyeusi, umelowekwa, umesagwa, umelazwa uchachuke, mara nyingi wa chumvi na vitunguu na haradali. Ukivuka mpaka kwenda Karnataka wanaita paddu. Chuma ni kile kile.

Na uchachu wenyewe una mjadala. K. T. Achaya, mwanahistoria mkubwa wa vyakula vya India, alitaja kwamba idli inaonekana katika maandishi ya Kikannada ya mwaka 920 hivi, lakini wakati huo haikuwa na mchele wala haikuchachushwa usiku kucha kama leo. Akapendekeza kwamba ujuzi huo ulitoka Indonesia. Wahindi wengi hawakupenda. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu kwenye treni: kumbe na wao wana mwalimu wao wa darasa la tatu.

Jambo jingine. Kerala ile appam nyeupe, laini, ya asubuhi, iliumuliwa kwa tembo la mnazi, wao wanaita *kallu*. Nikamuuliza bibi kama zamani kabla ya hamira ya dukani waliumua kwa nini. Akasema, "Kwa tembo, mwanangu. Tembo tamu la asubuhi, kidogo tu." Halafu akashusha sauti: "Lakini hilo usiliseme kwenye redio yenu." Bibi, samahani. Sijasema kwenye redio, nimeandika.

Chuma je? Hapa nina kitu ninachokipenda kuliko vyote. Al-Idrisi, aliyeandika jiografia yake mwaka 1154, anasema watu wa Malindi na Mombasa walichimba na kuuza chuma, na kwamba chuma cha Sofala kilipelekwa India ambako kilisifiwa kuwa bora. Yaani mchele ulikuja upande huu na chuma kikaenda upande ule. Nilimtumia mwenzangu wa Kerala habari hii usiku wa saa tano, bila hata salamu. Akajibu na picha ya appakara ya mama yake: "Kwa hiyo hiki ni chenu?"

Hapo ndipo nilipoanza kupoa. Maana ukweli ni kwamba kikaango cha mashimo kimejaa duniani. Thailand wana khanom krok, mchele na nazi tena. Wadenmaki wana æbleskiver. Na Waswidi, jamani, wana *munkpanna*, chuma kizito chenye mashimo saba, cha kuchomea munkar za tufaha. Mama alipohamia hapa mwaka 1986 hakuleta chuma, sanduku lilikuwa zito. Alikuta munkpanna kwenye duka la vitu vilivyotumika, akadhani kuna Mtanzania amekufa na vitu vyake vimeuzwa. Alisimama pale akamwombea. Hadithi hii anaisimulia mwenyewe, siwi mtovu wa adabu.

Kuhusu yule mwalimu wangu, nimjibu leo. Kwa miongo mingi wasomi wa kikoloni waliandika kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni, na wenyeji walikuwa watumishi tu. Wanaakiolojia waliochimba Shanga, Kilwa na kwingineko walionyesha miji ikikua kutoka vijiji vya udongo na vyungu vya kienyeji. Halafu Machi 2023 jarida la Nature likachapisha vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji hiyo. Zaidi ya nusu ya asili yao, kwa wengi wao, ilikuwa ya Afrika na ilikuja zaidi kupitia kwa mama. Upande mwingine ulitoka Asia, hasa Uajemi na kidogo India, zaidi kupitia kwa baba, na mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000. Baba alikuja na jahazi, mama alikuwa na jiko. Na Kiswahili, lugha ya Kibantu kwa sarufi yake yote, ni lugha ya huyo mama. Wageni walifika wakajifunza kusema, kisha wakalishwa.

Kuna Waswidi wengine wanaoijua habari hii kuliko sisi. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, akiwapa siku 90, Uswidi ilipokea karibu 1,000 kati yao. Wengi walikaa Trollhättan na miji ya jirani, wakajenga msikiti mwaka 1985, ukachomwa moto 1993, wakaujenga tena. Asili yao ni Gujarat na Kutch, kaskazini kabisa ya Kerala, lakini wazee wao wanazungumza Kiswahili na wanakijua kitumbua kwa jina hilo hilo. Muulize mzee kama huyo kitumbua ni cha nani, uone atakavyokuangalia.

Sasa kupika, maana mmeniomba. Mimi nalaza vikombe viwili vya mchele tangu jioni. Usinunue ule uliochemshwa kabla ya kukobolewa, ambao hapa ndio umejaa kwenye rafu. Kusini ya India wanautumia kwa idli, lakini wana mashine za mawe, na blenda yangu ilishindwa, vikawa na changarawe. Asubuhi chuja, saga na tui zito, hamira kijiko kidogo, sukari, na iliki. Iliki Stockholm haina shida, hawa watu wanaitia katika mikate yote. Mchanganyiko uwe kama uji mzito. Kisha uumuke, na hapo ndipo Januari inakushinda. Tanga bibi anafunika kwa kitambaa, baada ya saa moja umejaa. Kwangu baada ya saa tatu ulikuwa umelala kama maiti. Washa taa ya oveni tu, bila moto, uuweke humo ndani.

Kosa langu kubwa lilikuwa chuma. Wa kwanza niliununua kwa furaha, mashimo saba, nikafika nyumbani nikagundua ni *plättlagg*, ya chapati zao ndogo, mashimo bapa. Vilitoka kama sarafu. Hakikisheni mashimo yana kina. Na kwenye jiko la umeme shimo la katikati linapata moto kuliko mengine, tofauti na makaa yanayosambaza joto. Mafuta kijiko kidogo kila shimo, mimina robo tatu, ukiona pembeni pamekuwa rangi ya kahawia geuza kwa kijiti.

Jumamosi iliyopita yule mwenzangu alikuja nyumbani. Nilimwomba radhi kwa sauti yangu ya ile Ijumaa, akasema hakuiona hata kidogo, jambo ambalo liliniudhi kidogo. Alileta appakara, sukari guru na ndizi. Tukaweka vyuma viwili jikoni, simu mbili ukutani. Mama yake Kozhikode upande mmoja, bibi yangu Tanga upande mwingine, hawasikilizani lugha. Bibi akaniuliza, "Huyo mwenzio mtoto wa nani?" Dakika moja baadaye mwenzangu akageuka kwangu akicheka: mama yake naye alikuwa ameuliza mimi ni mtoto wa nani.

Halafu wote wawili, kila mmoja kwa lugha yake, wakaanza kupiga kelele kuhusu moto. Tulichelewa. Vya katikati viliungua kwenye vyuma vyote viwili. Tuligawana.